Rubani Akivunja Sheria Makusudi, Nani Hujua Kwanza?

Msimu wa kampeni ukikaribia, video ya helikopta haikosi. Chopa inashuka nusura iguse vichwa vya watu, vumbi linatimka, mwavuli wa muuza maji unapeperuka, na mheshimiwa anateremka akipunga mkono kana kwamba hakuna lililotokea. Chini ya video maoni hayabadiliki. Mmoja anauliza KCAA wako wapi. Wa pili anataka rubani apokonywe leseni leo hii. Wa tatu anasema rubani hana makosa, ametumwa tu, na anayelipa ndiye mwenye kuamua.

Wote watatu wameshika kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba tukijadili habari ya rubani anayeijua sheria na bado akaivunja, huwa tunachanganya mambo ambayo wasimamizi wa usalama wa anga wamehangaika miaka mingi kuyatenganisha. Na lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, hakuna hata mmoja wao aliyeliuliza: kabla ya video hiyo, ni nani aliyekuwa anajua tayari kwamba rubani huyu huruka hivi?

Ofisi tatu, kazi tatu

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, yaani KCAA, ndiyo inayotoa leseni ya rubani, inayosajili ndege zenye alama ya 5Y ubavuni, inayokagua kampuni, na yenye uwezo wa kusimamisha leseni au kuifuta. Ajali ikitokea, uchunguzi si wake. Huo hufanywa na AAID, idara ya wizara ya uchukuzi, na sababu iko wazi: ofisi iliyompitisha rubani na ndege yake haiwezi kuwa ndiyo hiyo hiyo inayojichunguza. Kisha wapo polisi na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambao kazi yao ni kutafuta mwenye hatia.

Mgawanyo huu haukubuniwa Nairobi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, uliozaa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO (ambalo ofisi yake ya mashariki na kusini mwa Afrika iko hapa hapa Gigiri), una viambatisho ambavyo nchi wanachama huvifuata. Kiambatisho cha 13 kinasema waziwazi kwamba ajali huchunguzwa ili isirudiwe, si kwa ajili ya kumbebesha mtu lawama. Kwa hiyo anayefungua ripoti ya ajali akitafuta mkosaji anasoma karatasi iliyoandikwa kwa kazi nyingine.

Mambo mawili husahaulika hapa. Ndege za kijeshi haziko chini ya mamlaka ya kiraia. Jeshi hujisimamia lenyewe, na tutaona baadaye hilo linaweza kuzaa nini. La pili ni kwamba KCAA ni msimamizi na wakati huo huo ndiyo inayoajiri waongoza ndege walioko kwenye minara. Nchi nyingi zimekuwa na mpangilio wa aina hii, na zipo njia za kujenga ukuta kati ya pande hizo mbili, lakini sidhani kuna mtu anayeweza kusema ni mpangilio mzuri. Msimamizi naye husimamiwa: Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usimamizi wa usalama wa anga Februari 2017, jambo lililofungua njia ya safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York Oktoba 2018, haikuwa imepima ustadi wa marubani wa Kenya Airways. Ilikuwa imeipima KCAA.

Kukosea na kukaidi

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa macho vinafanana. Rubani anaposikia futi 8,000 badala ya 9,000, au anaposahau swichi, amekosea. Hakukusudia. Kumpiga faini hakutamfanya asikie vizuri zaidi kesho. Lakini rubani anayejua kwamba mawingu yamefunika uwanja, anajua kiwango cha chini alichoruhusiwa kushuka, na bado anashuka akitumaini ataona ardhi, huyo amechagua.

Hata hapo pana tofauti ambayo mashabiki wa adhabu kali huiruka. Kukusudia kuvunja sheria si kukusudia kuua. Karibu kila rubani anayevunja sheria makusudi anaamini kwa dhati kwamba atafika salama, na mara nyingi hufika. Wako wanaovunja kwa mazoea, kwa sababu kila mtu pale kazini hufanya hivyo, kama matatu inayopanda ukingo wa barabara wakati wa foleni na abiria wote wakaona sawa. Wako wanaobanwa: kazi haiwezi kukamilika bila sheria kupindwa, na bosi anajua. Na wako wanaotafuta sifa au raha. Msimamizi akiwapa wote dawa moja, amewakosa wawili kati ya watatu.

Ukitaka kuona aina mbili za kwanza zinavyofanya kazi, nenda Wilson asubuhi. Uwanja huo ulio kando ya Barabara ya Lang'ata ndio roho ya safari za ndege ndogo nchini, na ndege inayoonekana sana hapo ni Cessna Caravan, yenye injini moja, ikipaa kwenda Maasai Mara, Amboseli au kaskazini. Caravan ya 208B inaruhusiwa kupaa na uzito usiozidi kama kilo 3,970, kila kitu kikiwemo: bodi, mafuta, rubani, abiria, mizigo. Ndiyo maana abiria wa safari za mbugani huambiwa wabebe kilo 15 tu, na begi liwe laini. Sasa abiria 12 wakizidisha kilo 5 kila mmoja (kamera, viatu vya kupandia mlima, zawadi) ni kilo 60. Hapo umepakia mtu mzima mmoja ambaye hayumo kwenye orodha.

Wilson iko kama futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na joto la saa nane mchana huizidisha wepesi. Injini ndogo za pistoni, kama za ndege za wanafunzi, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda, na hata ndege yenye injini ya nguvu zaidi huhitaji njia ndefu ya kukimbilia kwa sababu mabawa yanapata hewa hafifu ya kuyabeba. Jedwali la uzito halikuandikwa na karani asiye na kazi.

Ila rubani akizikubali zile kilo 60, ndege itapaa. Hapo ndipo penye mtego. Wahandisi waliacha akiba ya usalama, na aliyevunja sheria ameila akiba hiyo bila kusikia uchungu wowote. Wiki ijayo kilo 80 hazitamshtua. Mwanasosholojia Mmarekani Diane Vaughan, alipochunguza kuangamia kwa chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986, alionyesha jinsi taasisi nzima yenye wataalamu wa kweli inavyoweza kuuzoea upotovu hatua kwa hatua hadi ukawa ndio kawaida. Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuwa mzembe.

Kuhusu kubanwa, tazama saa. Nairobi jua huzama kati ya kama saa 12:15 na saa 12:45 jioni mwaka mzima, na karibu na ikweta jioni haina muda; giza linaingia mara moja. Kuruka kwa kutegemea macho usiku kuna masharti yake, na viwanja vingi vya mashambani havina hata taa moja. Sasa mkutano umechelewa. Ni saa 12 kasoro robo, mheshimiwa bado ameshika maikrofoni, na rubani amesimama kando ya helikopta akihesabu kichwani: dakika 40 hadi Wilson, milima iko njiani, wingu limeanza kukaa juu ya Ngong. Akisema tulale huku, hatafukuzwa. Hatapigiwa simu tu wiki ijayo. Atapigiwa mwingine anayejulikana kuwa hana maneno mengi.

Kwa hiyo yule mtoa maoni wa tatu hakukosea kabisa. Lakini sheria za anga kote duniani humweka kamanda wa ndege kuwa mwenye kauli ya mwisho, na haikufanywa hivyo kumpa cheo. Amepewa kauli hiyo ili awe na kitu cha kumwonyesha mheshimiwa. Ninachodhani sisi hatujafanya vizuri ni kumfuata mteja. Anayembana rubani hadi akaingia gizani hana leseni ya kupokonywa.

Wanaotafuta sifa

Tarehe 14 Oktoba 2004, marubani wawili wa kampuni ya Pinnacle nchini Marekani walikuwa wakihamisha ndege tupu aina ya CRJ200. Hakuna abiria, hakuna mhudumu. Wakaamua kupanda hadi futi 41,000, kimo cha juu kabisa kwa ndege ile, kwa sababu tu walitaka kufika huko, na wakapanda kinyume cha utaratibu uliowekwa. Kasi ikapotea, injini zote mbili zikazima. Wakamwambia mwongoza ndege kwamba imezima moja. Wakaendelea kuficha hivyo huku viwanja ambavyo wangeweza kutua wakiviacha nyuma, hadi ndege ikaanguka Jefferson City, Missouri, na wote wawili wakafa. Kila nikiifikiria safari hiyo, ninachokiona kibaya zaidi ni ile dakika ya redio: aliyevunja sheria makusudi ana sababu ya kuchelewa kuomba msaada.

Mwaka 1986 huko Kuybyshev, mji wa Urusi ambao leo unaitwa Samara, kapteni wa Aeroflot aliwekeana dau na rubani msaidizi kwamba angetua kwa vyombo peke yake, mapazia ya madirisha yakiwa yamefungwa. Ndani walikuwemo watu 94. Walikufa 70. Kapteni alinusurika, akahukumiwa miaka 15 gerezani, akatumikia 6. Rubani msaidizi alikuwa amekaa pembeni yake na macho yake mazima.

Mfano unaofaa kufundishwa kila mahali, hata hivyo, unatoka jeshini. Katika kambi ya anga ya Fairchild, jimbo la Washington, Luteni Kanali Arthur Holland, maarufu kama Bud, alikuwa akiirusha B-52, ndege kubwa ya mabomu yenye injini nane, kana kwamba ni ndege ya maonyesho. Kuanzia mwaka 1991 alivunja mipaka ya kimo, ya kasi na ya kulaza ndege ubavu, hadharani, mbele ya wakubwa wake, mara kwa mara kwenye maonyesho yale yale ambayo wakubwa hao walikuwa wamekaa jukwaani wakitazama. Cheo chake? Alikuwa mkuu wa kitengo cha viwango, yaani ndiye aliyewapima marubani wengine kama wanafuata sheria.

Machi 1994 alipita juu ya kilele katika uwanja wa mazoezi wa Yakima chini mno kiasi cha wapiga picha waliokuwa ardhini kuinama. Luteni Kanali Mark McGeehan, aliyeongoza kikosi cha marubani hapo, akaenda kwa mkubwa wa operesheni akaomba Holland asiruke tena. Ombi likakataliwa, Holland akakaripiwa kwa mdomo. McGeehan akarudi na kuamua kwamba hakuna kijana wake atakayepanda na Holland isipokuwa yeye mwenyewe awe kwenye kiti cha rubani msaidizi. Tarehe 24 Juni 1994, wakifanyia mazoezi onyesho jingine, Holland aliizungusha ndege kandokando ya mnara wa kuongozea ndege katika kimo cha kama futi 250, akailaza ubavu kupita kiasi, ikakosa hewa ya kuibeba na kuanguka. Walikufa wanne. McGeehan alikuwa kwenye kiti kile alichojipangia.

Yule mkubwa wa operesheni alikiri mahakamani mwaka uliofuata kwamba alizembea kazini, akatozwa faini. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Hapakuwa na siri. Marubani wadogo walijua, wengine wakakataa kuruka naye. Tatizo ni kwamba kila karipio lilikuwa la mdomo, na makamanda walibadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kila mkubwa mpya alimkuta rubani hodari asiye na doa kwenye faili. Jeshi likiwa halina msimamizi wa nje, hapakuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Douala

Mkenya akisikia habari hizi, akili yake huenda Douala. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways, safari namba 507 ya kuja Nairobi, ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka mji huo wa Cameroon, ikatumbukia kwenye kinamasi cha mikoko. Wote 114 waliokuwemo walikufa. Safari ilikuwa imecheleweshwa na mvua ya radi. Ripoti ya Cameroon ilieleza kwamba ndege ilipaa bila ruhusa ya mnara.

Wengi waliposikia hilo waliona jibu limepatikana: alipaa bila ruhusa, akaanguka. Siyo hivyo. Ndege haikugongana na nyingine wala haikukosa njia. Ilichukua muda kulala taratibu upande wa kulia, usiku wa giza usio na alama yoyote nje, bila yeyote kati ya marubani wawili kuangalia vyombo, kapteni akiamini kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika kazi kumbe haukuwa umewashwa. Uchunguzi ulitaja kupotewa na mwelekeo, uratibu mbovu kati ya marubani na kutofuata taratibu za ufuatiliaji. Ulieleza pia kapteni mwenye tabia ya kutawala na rubani msaidizi mnyamavu, na kwamba rekodi za mafunzo za kapteni zilikuwa na kasoro zilizojirudia.

Kupaa bila ruhusa, basi, hakukuiangusha ndege. Kulionyesha tu ni uongozi wa namna gani uliokuwa ndani ya chumba kile, na dalili za namna hiyo zilikuwa zimekwisha andikwa mahali kabla ya usiku ule. Tofauti na Fairchild, hapa karatasi zilikuwepo.

Habari inapofika, na isipofika

Kwa hiyo msimamizi anajuaje? Wakaguzi wa KCAA hawawezi kukaa ndani ya kila ndege. Wana ukaguzi wa ghafla, wana rekodi za data za ndege kubwa, wana malalamishi ya umma. Lakini chanzo chenye utajiri kuliko vyote ni watu wa kazi wenyewe, na hao hawasemi wakijua kwamba kusema ni kujikaanga.

Marekani walilijua hilo kwa gharama. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA namba 514 iligonga mlima karibu na mji mkuu, Washington, ikaua watu 92, kwa sababu ya mkanganyiko kuhusu lini rubani anaruhusiwa kushuka. Wiki sita kabla, marubani wa United walikuwa wameponea chupuchupu mahali pale pale kwa mkanganyiko ule ule. Walikuwa wamewaambia wenzao wa kampuni yao. TWA haikujua. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa taarifa za siri, ukawekwa mikononi mwa NASA, wala si mikononi mwa msimamizi mwenye kutoa adhabu. Rubani anayeandika ndani ya siku 10 kueleza alichokosea hapewi adhabu, lakini kwa masharti: liwe ni jambo lisilokusudiwa, lisiwe jinai, na lisiwe ajali.

Sharti la kwanza ndilo moyo wa utaratibu ambao wasimamizi wengi, Kenya ikiwemo kupitia kanuni za ICAO, wanauita utamaduni wa haki: aliyekosea analindwa ili aseme, aliyekaidi halindwi. Kwa maneno inasikika rahisi. Ofisini mtu analetewa faili la rubani aliyeshuka chini ya kiwango kwenye wingu, naye anaapa alidhani ameiona njia ya kurukia. Amekosea au amekaidi? Kipimo kinachotumika sana ni kumweka mwenzake katika nafasi ile ile: rubani mwingine mwenye ujuzi kama wake, akibanwa vile vile, angefanya nini? Ikiwa wengi wangefanya hivyo hivyo, tatizo liko kwenye kampuni na utaratibu wake. Ikiwa ni yeye peke yake, tena kwa mara ya tatu, hilo ni jambo jingine.

Ushahidi nao una mitego yake. Siku hizi kila mwenye simu ni mkaguzi, na programu za kufuatilia ndege zinaonyesha kimo papo hapo. Lakini kimo kile huhesabiwa kutoka usawa wa bahari kwa kipimo sanifu cha mgandamizo wa hewa. Simu ikionyesha futi 6,200 juu ya Nairobi West, huenda ndege iko futi mia kadhaa tu kutoka ardhini. Sheria ya jumla inataka futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu zaidi ndani ya mita 600 ukiwa juu ya makazi ya watu, na futi 500 kwingineko, ila kwa anayepaa au kutua. Na Wilson iko hapo hapo. Huenda ndege hiyo iko mahali inapotakiwa kuwa. Kisha kuna Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015, inayomtaka mwenye mamlaka amsikilize mtu kabla ya kumchukulia hatua. Rubani anaweza pia kukata rufaa kwenye baraza lililoundwa na Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013. Kimya cha KCAA siku tatu baada ya video si lazima kiwe cha kulala. Kikifika miezi sita, hapo na mimi nitauliza.

Adhabu na jela

Msimamizi akithibitisha ukaidi, silaha yake kubwa ni leseni. Mwaka 2022 Wamarekani wawili waliomba kibali cha kuziacha ndege zao mbili zikianguka bila rubani ili waruke na miavuli na kubadilishana ndege hewani. FAA, mamlaka ya anga ya huko, ikakataa siku mbili kabla. Wakaruka hivyo hivyo tarehe 24 Aprili, ndege moja ikaanguka, na leseni zao zikafutwa. Kesi rahisi kuliko hiyo haipo: barua ya kukataliwa walikuwa nayo mkononi.

Mwingine, Trevor Jacob, aliiacha ndege yake ianguke katika msitu wa California Novemba 2021 kwa ajili ya video ya YouTube, akidai injini ilizima. Leseni ikafutwa. Gerezani alikwenda, miezi sita, lakini si kwa kuiangusha ndege. Alifungwa kwa kuharibu mabaki yake ili kuwazuia wachunguzi. Wanaotaka KCAA "imfunge" rubani wanasahau kwamba mamlaka ya anga haina jela. Inayo kalamu ya kufuta leseni, na kwingine kote ni kazi ya mahakama.

Na mahakama zikiingia, kuna bei. Machi 2007 ndege ya Garuda ilitua Yogyakarta, Indonesia, kwa kasi kubwa mno, kapteni akiwa amepuuza maonyo 15 ya mtambo na sauti ya rubani msaidizi aliyemtaka apae tena. Walikufa 21. Mwaka 2009 alihukumiwa miaka miwili, hukumu iliyotenguliwa baadaye kwenye rufaa. Vyama vya marubani vililalamika kwamba kesi za namna hiyo zitawafunga wengine midomo. Mimi kwa kweli nimegawanyika. Maonyo 15 ni mengi. Lakini nikimfikiria rubani msaidizi wa Wilson anayejua kapteni wake huruka vibaya, nataka kinywa chake kiwe wazi kesho asubuhi kuliko ninavyotaka kapteni mmoja afungwe.

Kuna ukaidi mmoja ambao hakuna simu itakayourekodi. Rubani wa biashara hupimwa na daktari aliyeidhinishwa kila mwaka. Akifika miaka 60, au 40 ikiwa hubeba abiria akiwa rubani peke yake, ni kila miezi sita. Katika kipimo hicho kuna fomu: unatumia dawa gani, umewahi kuugua msongo, unalalaje. Jibu la ndiyo linaweza kusimamisha mshahara siku hiyo hiyo. Kuandika hapana ukijua ni ndiyo ni kuvunja sheria makusudi, na wanaofanya hivyo wengi ni watu waungwana wenye mkopo wa nyumba na karo ya watoto.

Novemba 2013 kapteni wa ndege ya Msumbiji, LAM namba 470, alimfungia nje rubani msaidizi aliyekwenda msalani, akaiangusha ndege kaskazini mwa Namibia, wakafa wote 33 waliokuwemo, yeye akiwa mmoja wao. Miezi 16 baadaye, Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings alifanya vivyo hivyo katika milima ya Alps, Ufaransa, wakafa 150. Nyumbani kwake zilipatikana karatasi za daktari zilizochanwa, moja ikimpa ruhusa ya ugonjwa kwa siku ile ile. Madaktari walijua. Sheria ya siri ya mgonjwa iliwafunga, na mwajiri hakuambiwa.

Ulaya haikuongeza adhabu baada ya hapo, maana hakuna adhabu inayomfikia mtu kama huyo. Kuanzia mwaka 2021 mashirika ya ndege huko yanalazimika kuwa na mpango ambamo rubani mwenye shida ya pombe, ndoa, deni au akili anapiga simu bila faili lake kuguswa kwanza. Anayeipokea simu hiyo ni rubani mwenzake, aliyefunzwa kusikiliza na kujua ni wakati gani jambo halina budi kupelekwa mbele.